Mrejesho: Rizista za amplifaya ya vali

Assalamu alaikum. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini amplifaya ya vali (taa za kioo zinazokuza sauti) ya marehemu babu, hapa Wete, inatoa sauti hafifu huku rizista moja, yaani kipande kinachopunguza umeme, katika sehemu ya umeme ikiwa imebabuka, nanyi mkanishauri nisiihukumu kwa macho bali niipime.

Nilichomoa plagi, nikaondoa umeme uliobaki katika kapasita, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, kwa kuupitisha kwenye rizista ya kiloomu 10 (kiloomu ni kipimo cha ukinzani), nikasubiri mpaka mita isome karibu na sifuri. Nawasihi wenzangu wasiiruke hatua hii kamwe, kwa kuwa volti 300 zinaweza kuua hata mashine ikiwa imezimwa. Kisha nikainua mguu mmoja wa kila rizista kabla ya kuipima.

Ile iliyobabuka ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa jirani yake, safi kwa sura, yenye mistari miwili myekundu na mmoja wa rangi ya chungwa, rangi zinazomaanisha kiloomu 22, lakini kwenye mita ilisoma 31. Volti 310 zilizoingia zilitoka 190 tu. Rizista za kaboni za zamani hupanda hivyo kwa joto na unyevu, na huku kwetu Pemba unyevu haukosekani.

Kapasita inayoifuata nayo niliipima, haivuji umeme. Nimeweka rizista mpya ya wati 2. Sasa zinatoka volti 220 na sauti imerudi kamili. Mzee uliyesisitiza nisisahau kapasita, nakushukuru sana.