Nani aliipa ramani ya simu mamlaka ya kubadili jina la mtaa wetu?

Wanajukwaa, kwa mwaka mzima nimekuwa nikituma marekebisho kwenye programu moja ya ramani, kwa sababu imeukosea jina mtaa niliozaliwa kwa kupindua herufi mbili na kulifanya neno lisilo na maana yoyote, na kila mara ninarudishiwa jibu lile lile kwamba mabadiliko yangu hayakuweza kuthibitishwa. Yathibitishwe na nani, ikiwa waliozeeka hapa hawahesabiki kuwa mashahidi?

Kosa lenyewe ningelivumilia lingebaki kwenye kioo cha simu. Tatizo ni kwamba linazaa: watangazaji wa nyumba za kupanga, wapeleka vifurushi na tovuti za hali ya hewa huchota majina katika hazina moja ya data za ramani, kisha mfumo wa ramani unayakuta majina hayo kila mahali na kuyachukua kuwa ushahidi. Wiki iliyopita nimelikuta jina hilo bovu limeandikwa kwenye kibao cha chuma pale njia panda, rangi yake bado mbichi kiasi cha kunichafua kidole.

Msidhani ninakuza mambo. Google Maps iliwahi kuonyesha Argleton, makazi yasiyokuwapo kabisa, juu ya mashamba matupu ya Lancashire, Uingereza. Hadi jambo hilo linavuma mwaka 2009, tovuti nyingine zilikuwa zikiorodhesha nyumba na kazi za huko. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliripoti kwamba mtaa wa Fiskhorn, Detroit, ulikuwa umegeuzwa Fishkorn kwenye ramani hiyo hiyo. Angalau wao waliandikwa gazetini.

Najua kuna OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2004, ambako mtu yeyote anaweza kujisajili na kuhariri mwenyewe, na huko nimesharekebisha kwa dakika chache. Lakini mpeleka vifurushi haangalii huko. Anasimama mbele ya mlango wangu, ananiuliza mtaa huu unaitwaje, ninamtajia, anainamia simu yake, kisha ananijibu kwa upole, "Hapana mzee, si hapa," na kuondoka na mzigo wangu.

Aliyewahi kukubaliwa marekebisho ya jina, naomba aeleze hapa chini aliambatanisha uthibitisho gani.