Naomba ushauri: kuimba kunamsaidia mgonjwa wa Parkinson kurudisha sauti?
Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) mwaka wa 4 sasa, kutetemeka tumeshazoea ila kinachoniumiza ni sauti, imeshuka mpaka ukimpigia simu unasikia pumzi tu na yeye mwenyewe anaona anaongea kawaida kabisa. Juzi nikamsikia anaimba bafuni, sauti imetoka nzima, jamani nilitokwa machozi! Nimesoma kuimba kunaipa mazoezi misuli ya kupumua na ya koo, ile ile ya kumezea. Sasa mliouguza, mlianza nyumbani au mlimpeleka kwenye kikundi? Dakika ngapi kwa siku asichoke? Na aimbe dawa ikishaanza kufanya kazi au muda wowote tu? Maana siku hizi anapaliwa na maji, naogopa.