Gumzo la Kikundi cha Familia: Imani wa Darasa la Tano anapaswa kuweza nini?

Baba Imani: Shikamoo Baba, shikamoo Dada Rehema, na ninyi wengine habari za jioni. Leo nimepokea ripoti ya muhula ya Imani. Amekuwa wa 31 kati ya wanafunzi 74, wastani wake ni 58, na maoni yaliyoandikwa chini ni maneno mawili tu: "Aongeze bidii." Dada, wewe unafundisha darasa hilohilo la tano huko kwenu, naomba unieleze bidii hiyo aiongeze wapi, maana sijui mtoto wa umri wake anapaswa kuwa anaweza nini hasa.

Babu: Marahaba, mwanangu. Kuwapita watoto 43 si haba.

Mwalimu Rehema: Marahaba, mdogo wangu. Baba, nafasi inatueleza Imani amewapita wangapi, lakini haituelezi kama anaweza kujumlisha sehemu. Mihtasari ya mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ambao ulianza kutumika Januari 2024, imepanga kila somo kwa umahiri mkuu, umahiri mahususi na vigezo vya upimaji, yaani mambo ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyatenda mwalimu akaona. Naomba ufungue daftari lake la Hisabati kwenye mada ya sehemu, kisha utuwekee hapa picha ya ukurasa wenye makosa.

Mama Salma: Wakati tunasubiri picha, Dada, nitoe wasiwasi. Salma yuko Darasa la Sita na Imani yuko la Tano, lakini nimeambiwa kwamba watamaliza shule ya msingi mwaka mmoja. Inawezekanaje?

Mwalimu Rehema: Inawezekana, na ndiyo itakavyokuwa. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024, akiwamo Imani, ndio wa kwanza kusoma elimu ya msingi ya miaka sita, kwa hiyo watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Salma na wenzake, waliokuwa Darasa la Nne mwaka huo, wanaendelea na utaratibu wa zamani hadi Darasa la Saba, nao watamaliza mwaka huohuo wa 2027. Baba Imani, wewe bado unahesabu Darasa la Saba kichwani, ilhali mwanao amebakiwa na mwaka mmoja tu baada ya huu.

Baba Imani: Kweli nilikuwa nikilihesabu. Picha hiyo hapo.

*[Picha: ukurasa wa daftari la Hisabati]*

Mwalimu Rehema: Ahsante. Tazameni swali la tatu: ½ + ⅓, naye ameandika ⅖. Amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, na maswali yote yenye asili tofauti ameyafanya hivyohivyo, lakini yenye asili zinazofanana ameyapata yote. Kwa hiyo kujumlisha anajua. Asichokijua ni kwamba vipande visivyolingana ukubwa havihesabiwi pamoja mpaka vifanywe vilingane. Hapo ndipo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili, kinapohitajika: KDS ya 2 na 3 ni 6, nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, na jumla ni 5/6. Kabla ya kumfundisha njia hiyo, muulize kwanza kama jibu lake ni kubwa au dogo kuliko nusu. Akigundua kwamba ⅖ haifiki nusu, ilhali alianza na nusu kamili akaiongezea, atajua mwenyewe kwamba kuna jambo haliko sawa. Mtoto asiyeelewa sehemu atakwama kwenye asilimia na uwiano, nami ningelishughulikia hili kabla ya kitu kingine chochote kwenye ripoti hiyo.

Babu: Kiswahili je? Sikukuu iliyopita alinisomea gazeti zima bila kusitasita.

Mwalimu Rehema: Baba, kusoma kwa ufasaha ni hatua ya kwanza, na tunashukuru ameivuka. Katika ngazi hii anatakiwa pia kufupisha habari ya aya tatu au nne kwa maneno yake mwenyewe, na kujibu maswali ambayo jibu lake halikuandikwa waziwazi. Akikusomea tena, muulize kwa nini mtu fulani katika habari alitenda alivyotenda, na aoneshe ni sentensi ipi iliyomfanya afikiri hivyo.

Mama Salma: Na Sayansi? Salma hukariri maelezo ya ubaoni usiku kucha.

Mwalimu Rehema: Mpe mbegu za maharage, apande katika makopo mawili, moja likae dirishani na jingine kabatini. Ukimwona anayapa maji kiasi sawa na udongo uleule bila kuambiwa, ujue ameelewa jaribio ni nini: anabadilisha mwanga peke yake ili tofauti yoyote itakayotokea aweze kuieleza. Jiografia na Mazingira, kwa Imani, aweze kutumia skeli ya ramani. Kwa mfano, ikiwa ni 1:50,000, sentimita moja inawakilisha mita 500. Katika Historia ya Tanzania na Maadili, miaka ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, huikariri kwa dakika moja, lakini aweze pia kueleza jinsi kulazimishwa kulima pamba kulivyowachochea watu wa kusini kupigana.

Baba Imani: Kiingereza kina alama 41, ndiyo ya chini kuliko zote.

Mwalimu Rehema: Hiyo nayo isicheleweshwe, kwa sababu Kidato cha Kwanza masomo mengi atafundishwa kwa Kiingereza. Aanze kujifunza kueleza kwa Kiingereza yale anayoyajua tayari, kama vile hatua za kujumlisha sehemu. Vitabu vya kiada vya masomo haya vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo usinunue rundo la vitabu vya maswali kwanza.

Baba Imani: Nimemwita na kumuuliza lile swali la nusu. Ameangalia daftari kwa muda, akasema jibu lake ni dogo kuliko nusu, kisha akauliza kama mwalimu alikosea kusahihisha, maana swali hilo limewekewa alama ya vema.

Mwalimu Rehema: Nimeikuza picha, kweli limewekewa vema. Darasa lenye watoto 74 husahihishwa kwa haraka, nami hunitokea. Kesho nenda na daftari shuleni, umwone mwalimu wake kwa upole, na usiitaje ile nafasi ya 31.