Hivi Otto Lilienthal alianguka kwa sababu gani hasa?

Kipanga_wa_Bara:
Wakuu habari za jioni. Dogo wangu kaniuliza swali nikabaki natumbua macho. Kuna huyu Mjerumani Lilienthal, alikuwa anaruka na mabawa ya kitambaa na fito kabla hata kina Wright (wale ndugu wawili wa Marekani wa ndege ya kwanza yenye injini) hawajaanza, karuka zaidi ya mara 2,000, halafu tarehe 9 Agosti 1896 pale vilima vya Rhinow akadondoka kama kutoka mita 15 hivi, kesho yake akafia Berlin. Sasa mtu mzoefu kiasi hicho ilikuwaje? Bawa lilikatika, upepo, au alizembea tu?

mzee_wa_spana:
Lilikatika hilo. Fito na kitambaa unategemea nini mkuu, tiara ya watoto ile

Nahodha77:
@mzee_wa_spana hapana, unamchanganya na Mwingereza Percy Pilcher. Huyo ndo mkia ulimkatikia hewani, 30 Septemba 1899. Alikuwa kaalika wageni waje waone mashine yake mpya yenye injini, injini ikagoma, akaona noma watu warudi hivihivi, akapanda glaida yake ya zamani (ndege isiyo na injini) na hali ya hewa yenyewe mbaya. Siku mbili baadaye akafa. Mimi nasema huyo aliuliwa na aibu ya wageni.

Lilienthal ni kesi nyingine. Inavyoelezwa, upepo wa ghafla ulimnyanyua pua juu, chombo kikasimama hewani, kikapoteza mwendo. Bawa linabeba kwa sababu hewa inapita juu na chini yake, sasa pua ikipanda sana na spidi ikaisha ile hewa inaachana na bawa, hapo huna kitu, unashuka kama jiwe. Marubani wanaita stoli. Yeye akarusha miguu mbele ili pua ishuke, ikashuka kweli, ila ikashuka moja kwa moja mpaka chini.

Kipanga_wa_Bara:
Ooh kumbe. Sasa si angerudisha tena miguu nyuma?

Nahodha77:
Kwa muda gani mkuu? Mita 15 ni kama ghorofa ya tano, ukisema "mama" umeshafika. Halafu hakuwa na usukani, alikuwa anaongoza kwa kuhamisha uzito wa mwili, ila anajishikilia kwa mikono, kinachoning'inia ni kiuno na miguu tu, kwa hiyo uzito anaoweza kuuhamisha ni kidogo. Hawa wa siku hizi wa glaida za kuning'inia wanabembea mwili mzima chini ya bawa, tofauti kubwa sana. Kina Wright nao walipofanya yao wakaweka kile kibawa cha kupandisha na kushusha pua kwa mbele, na sababu mojawapo ni kuogopa kufa kama Lilienthal.

binti_wa_Kassel:
Naongezea kidogo. Mwaka 2016 wale wa DLR, taasisi ya anga ya Ujerumani, walijenga nakala ya glaida yake wakaipima kwenye handaki la upepo (chumba cha kupulizia chombo hewa kama vile kinaruka), wakakuta imetulia vizuri tu, kwa hiyo kusema aliunda vibaya sio kweli. Ni upepo na kuwa chini mno.

Na hiyo ya kuwa chini bado inaua mpaka leo. Huku nilipo niliwahi kusaidia klabu ya glaida kusukuma vyombo uwanjani, wanachokiogopa kuliko vyote ni mtu anarudi kutua, kachelewa, yuko chini, anakata kona taratibu huku anavuta pua ili afike, bawa moja linaacha kubeba na chombo kinaanza kujizungusha. Ukiwa mita 600 unajitoa, ukiwa 60 imekula kwako. Kingine ni kufunga mabawa, maana yanavuliwa yanasafirishwa kwenye trela, ukisahau kuunganisha fimbo moja ya usukani utajua ukiwa hewani 😬 ndo maana kabla ya kuruka mtu wa pili anashikilia kwa nje vile vibawa vinavyocheza vya kwenye bawa na mkia, na wewe unachezesha usukani kuona kama vimeunganishwa.

mzee_wa_spana:
Basi nimekubali. Ila mi siipandi

Kipanga_wa_Bara:
Asanteni sana, dogo nimemsomea yote. Sasa kaja na lingine, eti mbona mwewe anasimama hewani kabisa na hapati hiyo stoli? Nahodha77 nisaidie, huyu mtoto halali