Bodi ziko Amu, waandishi wa programu wako Malindi na Nairobi: tununue probu zenye mtandao wake au za kawaida zinatosha?

Fundi wa Mkomani (Amu)

Assalamu alaikum, wakuu. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kusimamia bodi nyingi kwa pamoja huku wao wenyewe wakiwa mbali nazo.

Tunatengeneza kirekodi cha joto kinachowekwa ndani ya masanduku ya barafu ya samaki yanayotoka Kizingitini na Faza kwenda kwa wanunuzi wa Malindi. Ndani yake mna maikrokontrola ya STM32F103 (chipu ndogo inayoendesha kifaa), kihisio cha joto na betri. Muda mwingi bodi hulala ili kuokoa umeme, ikaamka kidogo tu kupima na kuandika. Bodi zinaunganishwa hapa Amu (mji wa Lamu), kwenye meza yangu, ilhali wenzangu wanaoandika programu mmoja yuko Malindi na mwingine yuko Nairobi. Kwa sasa kila toleo jipya hunifikia kwa barua pepe, mimi nalipakia, naangalia linavyokwenda, kisha nawasimulia kwa simu. Utaratibu huu umetuchosha sote. Kumpelekea kila mmoja bodi zake nako hakutufai, kwa kuwa bodi zenyewe hubadilika kila mara, na safari ya boti hadi Mokowe kisha basi kupitia Witu na Garsen si ya kupitishia nyaya nyembamba zilizolehemewa kwa mkono.

Nia yetu ni kupanga bodi kumi hivi kwenye rafu moja, kila moja na probu yake, yaani kile kifaa kidogo kinachoshika pini za SWD (njia ya nyaya mbili ya kuifikia chipu) ili kuisimamisha prosesa, kusoma kumbukumbu na kupakia programu. Wenzangu wangezifikia kupitia mtandao, na usiku majaribio yangejiendesha yenyewe kwa kila toleo jipya. Nimeona kuna probu zenye tundu la Ethernet, kama J-Link PRO, ambazo hazihitaji kompyuta kando yake, lakini kumi za aina hiyo zinatupita uwezo. Zipo pia za USB za bei nafuu, kama Debug Probe ya Raspberry Pi iliyotolewa mwaka 2023 kwa dola 12, ambazo ningeziunganisha na kompyuta ndogo moja na kuzipitisha mtandaoni kwa USB/IP ili wenzangu wazione kana kwamba zimechomekwa kwenye kompyuta zao. Je, njia hii ya pili itafaa, au ninajitafutia matatizo? Na je, Wi-Fi itatosha, maana kutandaza nyaya katika nyumba ya mawe si kazi nyepesi?

Binti Sabaki (Malindi)

Wa alaikum salaam, Fundi. Probu za bei nafuu zinakutosha kabisa. Nisichokubaliana nacho ni USB/IP.

Jambo la kuamua kwanza ni mazungumzo yapi yatakayopita mtandaoni, kwa sababu kati ya mwandishi wa programu na chipu kuna mazungumzo ya ngazi tatu. Probu huzungumza na chipu kwa nyaya mbili za SWD; kompyuta huzungumza na probu kwa USB; na GDB, programu ya kutafutia hitilafu, huzungumza na seva yake, tuseme OpenOCD inayoiendesha probu, kwa TCP, njia ya kawaida ya mtandao. Kadiri unavyoukata mnyororo huo karibu na chipu, ndivyo ujumbe unavyozidi kuwa mdogo na mwingi, na kila mmoja husubiri jibu lake. Chukua probu ya CMSIS-DAP (lugha ya pamoja ya probu za USB) toleo la kwanza, inayotumia pakiti za HID, zile zile za kibodi na kipanya, za baiti 64. Mezani pakiti moja huchukua kama milisekunde moja na hakuna anayelalamika. Ukiipitisha kwa USB/IP kwenye intaneti ambako kwenda na kurudi ni, kwa mfano, milisekunde 40, basi programu ya kilobaiti 64 inadai pakiti 1,024 kwa uchache kabisa, na kila moja ikisubiri jibu utakaa zaidi ya sekunde 40 kwa kazi ambayo mezani huisha kwa sekunde chache. Hapo sijahesabu maagizo ya kufuta kumbukumbu na kuhakiki kilichoandikwa. Toleo la pili la CMSIS-DAP lina njia ya USB yenye kasi zaidi, lakini umbali haupungui kwa sababu hiyo. Tena mtandao ukikatika kidogo, kompyuta ya mwenzako huona probu imechomolewa, na kazi huvunjika katikati ya kuandika. Ni tofauti ya kumtuma mtoto dukani na orodha nzima, na kumrudisha njiani kwa kila kiberiti.

Kwa hiyo iweke OpenOCD hapo hapo Amu, kwenye kompyuta ndogo iliyo kando ya bodi, na kila probu uipe OpenOCD yake. Kwa kawaida programu hiyo husikiliza GDB kwenye poti 3333, telnet kwenye 4444 na maagizo ya Tcl kwenye 6666, hivyo kuanzia ya pili kila moja lazima ipewe poti zake, la sivyo zitagombana. Usitegemee mpangilio wa matundu ya USB kuijua probu ipi ni ipi. Tumia agizo la `adapter serial` pamoja na namba ya utambulisho ya probu. Zile zinazotumia chipu ya RP2040, kama Debug Probe, huichukua namba hiyo kutoka kwenye chipu yao ya flashi (kumbukumbu ya kudumu), kwa hiyo hazifanani. Baadhi ya nakala za ST-Link (probu ya mtengenezaji wa STM32) zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina namba zisizosomeka vizuri, na kwenye rafu ya bodi kumi jambo hilo hukusumbua kila siku.

Mwenzako wa Nairobi ataunganisha GDB yake na poti ya bodi anayoitaka. Kwenda hatua moja moja ndani ya programu kutakuwa kuzito kidogo, lakini kunavumilika, ila aongeze `remotetimeout` (muda wa GDB kusubiri jibu), ambayo kwa kawaida ni sekunde 2. Majaribio ya usiku ni suala tofauti: GDB isivuke bahari hata kidogo. Faili la programu linakiliwa mara moja hadi kwenye kompyuta ya Amu, jaribio zima linaendeshwa huko, na kinachorudi ni matokeo tu.

Kuhusu Wi-Fi, wewe mwenyewe unajua unene wa kuta za matumbawe za nyumba za huko. Vuta waya mmoja wa Ethernet kutoka kwenye ruta hadi kwenye rafu, na uishie hapo.

Mngomeni

Ya Binti Sabaki nayaunga mkono, lakini ameacha kitu kinachoviangusha vituo vya aina hii kuliko kasi ya mtandao, nacho ni umeme wa bodi.

Bodi yako hulala. STM32F103 ikiingia kwenye usingizi mzito, probu huweza kushindwa kuifikia isipokuwa programu yenyewe imewasha vibali vya DBGMCU (sehemu ya chipu inayoiruhusu probu kuifikia hata ikiwa imelala), na toleo lenye hitilafu ndilo litakalosahau kuviwasha. Ukiwa mezani unabonyeza kitufe na mambo yanaendelea. Aliye Nairobi hana kitufe. Kwa hiyo usiishie kwenye nyaya mbili za SWD (SWDIO na SWCLK) na ardhi. Vuta waya wa nne hadi pini ya NRST (ya riseti), kisha uiambie OpenOCD ishike chipu huku ikiwa imebanwa kwenye riseti, kwa `reset_config srst_only srst_nogate connect_assert_srst`. Kabla ya kununua, hakikisha probu uliyoichagua ina waya huo wa riseti, kwa sababu kiunganishi cha pini tatu cha Debug Probe uliyoitaja hakina. Ukiipenda kwa bei yake, itabidi riseti uiendeshe kwa pini ya GPIO (inayowashwa na kuzimwa na programu) ya kompyuta ndogo, jambo linalowezekana lakini linaongeza nyaya na maandishi.

Riseti peke yake haitoshi, maana kihisio kilichokwama hakijui kama prosesa imewashwa upya. Lazima uweze kukata umeme wa bodi nzima na kuurudisha. Programu ya uhubctl huzima tundu moja moja la habu ya USB, lakini kwa habu zinazoruhusu hivyo tu. Nyingi hukubali agizo huku umeme ukiendelea kutoka, na matundu manne ya Raspberry Pi 4 huzimwa yote kwa pamoja. Mimi naona rilei ndogo au transista kwenye njia ya umeme ya kila bodi ni salama zaidi.

Sasa hapa ndipo watu hudanganyika. Unakata umeme, taa ya bodi inazimika, unaurudisha, na bodi inabaki imekwama vile vile. Sababu ni kwamba probu yenyewe bado iko hai, na pini zake za SWD pamoja na waya wa kutuma wa UART (njia ambayo bodi hupokelea na kutumia maandishi), ambao ukiwa kimya hukaa kwenye volti 3.3, zinaipenyezea chipu umeme kupitia diodi za kinga zilizo kwenye pini. Volti haifiki sifuri. Inaelea mahali fulani katikati, na saketi haijitambui kama imezimwa. Chukua mita, kata umeme, na upime reli ya 3.3 ya bodi. Ikikaa juu ya sifuri, weka vipingamizi kwenye nyaya hizo, au ukate probu na bodi kwa pamoja na kuipa probu muda wa kutambuliwa upya na kompyuta kabla ya kuanza jaribio.

La mwisho ni chumvi. Huku kwetu karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, pini za springi zisizopakwa dhahabu huanza kupoteza mguso mapema, na mguso hafifu huleta makosa yanayofanana kabisa na hitilafu za programu. Lehemu pale unapoweza. Kama unashuku mguso, shusha kasi ya SWD. Kosa likipotea kwa kasi ndogo, anzia kwenye waya kabla ya kumlaumu mwandishi wa programu.

Fundi wa Mkomani (Amu)

Nashukuru sana nyote wawili. Nimepima kama alivyoelekeza Mngomeni, na kweli bodi niliyodhani imezimwa ilikuwa bado na zaidi ya volti moja.

Yamebaki mawili. Wenzangu wakitaka bodi ile ile kwa wakati mmoja, au majaribio ya usiku yakamkuta mtu bado anaitumia, nani atangulie? Na je, nikifungua poti hizo kwenye ruta ili wazifikie, kuna hatari gani?

Mlinzi wa Zamu (Lamu)

Usizifungue kwenye ruta. Poti ya GDB ya OpenOCD haiulizi nenosiri, na yeyote atakayeifikia anaweza kusoma kumbukumbu yote ya chipu, kuifuta, na kuweka programu yake mwenyewe. Ndiyo maana OpenOCD kwa kawaida husikiliza ndani ya kompyuta yake tu. Ukikutana na ushauri wa kuandika `bindto 0.0.0.0`, fahamu kwamba unaondoa kizuizi hicho. Wape wenzako SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) yenye ufunguo na wapitishe poti humo, au weka WireGuard (mtandao binafsi uliofungwa kwa siri), ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, kisha OpenOCD isikilize kwenye anwani ya WireGuard peke yake.

Kuhusu zamu, msitegemee makubaliano ya kwenye kikundi cha simu. Ipo programu huria iitwayo labgrid, iliyoanzishwa na Pengutronix ya Ujerumani kwa kazi hii hasa. Kompyuta iliyo kando ya bodi hutangaza vitu ilivyo navyo, yaani probu, UART na swichi za umeme; mratibu mmoja huviweka pamoja kama mahali pamoja pa kazi; na mtumiaji hulazimika kupashika mahali hapo kabla ya kufanya lolote, na kupaachia akimaliza. Majaribio ya usiku nayo hushika na kuachia kama mtu mwingine yeyote. Kama unaona ni mzigo mkubwa kwa watu watatu, faili la kufuli kwa `flock` (agizo la Linux la kufunga faili) kwenye kompyuta ya Amu, moja kwa kila bodi, litawatosha kwa mwanzo, mradi hakuna anayeifikia OpenOCD bila kupitia skripti inayofunga kufuli hiyo.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Flashi ya STM32F103 imehakikishiwa na mtengenezaji kufutwa na kuandikwa mara 10,000. Kwa mkono huwezi kufika huko, lakini mashine inayopakia toleo jipya mara 30 kwa siku hufika kabla ya mwaka kwisha, na baada ya hapo bodi huanza kutoa makosa yasiyo na maelezo. Weka hesabu ya kila bodi kwenye faili. Majaribio madogo, kama ya kukokotoa joto kutoka kwenye kihisio, yaendeshe ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda) ya kilobaiti 20 bila kugusa flashi.

Binti Sabaki (Malindi)

Nyongeza moja kwa hilo la mwisho. Kwa kuwa kirekodi chenu kinaishi kwa betri, bila shaka mtataka rafu ipime pia matumizi ya umeme. Jaribio hilo msilifanye kwenye bodi yenye probu, kwa kuwa vile vibali vya DBGMCU alivyovitaja Mngomeni huacha saa za chipu zikiendelea wakati wa usingizi, na umeme unaopenya kwenye pini hauonekani kwenye kipimo cha betri. Tengeni bodi moja inayopakiwa programu, kisha rilei zikakata nyaya zote za probu, bodi ikazimwa na kuwashwa kwa betri yake, na hapo ndipo upimaji uanze.