Vyura wamejaa kwenye kidimbwi cha bustani, wametaga mayai kibao, niwaache au nifanyeje?

Mchimba_Udongo:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na haya mambo. Nina kidimbwi bustanini, sio kikubwa, kina majani majani ndani na mawe pembeni. Kipindi chote cha baridi kilikuwa kimya kabisa, kuna siku barafu ilishika juu hadi nikajua humo ndani hakuna kiumbe hai. Sasa hali ya hewa imeanza kupata joto, juzi ikanyesha mvua usiku, asubuhi natoka nakuta vyura wamejaa, wengine wamebebana mgongoni hawaachani hata ukiwasogelea, na wanatoa sauti ya chini chini kama pikipiki inayonguruma mbali huko. Leo ndio nimeona mayai, mabonge ya ute yenye vidoti vyeusi, bonge moja kubwa kuliko chura mwenyewe!! Inawezekanaje hiyo?? Halafu yale ya juu kabisa mengine yameanza kuwa meupe, sijui yameoza. Jirani yangu naye ameomba nimpe ndoo moja akaweke kwake maana bwawa lake ni jipya halina kitu. Nimpe? Na je niwalishe hawa au niongeze maji ya bomba maana kina kimepungua? Asanteni.

Babu_Kinamasi:
Mkuu hongera, hao wamekuchagua wenyewe. Hilo la ukubwa lisikushangaze, chura jike habebi bonge lote hilo tumboni likiwa vile. Yai linatoka na ute mwembamba tu, likigusa maji ndio ule ute unafyonza maji na kuvimba, ndani ya muda mfupi linakuwa limeumuka mara nyingi zaidi. Kwa yule chura wa kawaida wa bustani za Ulaya jike mmoja anataga mayai kama 1,000 hadi 2,000 hivi kwa mkupuo mmoja, ikipita hiyo mpaka mwaka ujao. Na ule weusi wa yai una kazi yake, unafyonza joto la jua na ute unalihifadhi, ukipima katikati ya bonge unakuta kuna joto kidogo kuliko maji ya pembeni. Ndio maana wanapenda kutaga upande wa maji machache wanakoona jua, sio kule kwenye kina.

Hao waliobebana, wa juu ni dume na wa chini ni jike. Dume kidole gumba chake msimu huu kinaota kitu kama sugu nyeusi ya kumsaidia kushika asiteleze, anakaa pale mgongoni anasubiri, jike akianza kutaga na yeye anamwaga mbegu juu ya mayai hapo hapo majini. Usijaribu kuwatenganisha kwa huruma.

Meupe ya juu: mengi ni baridi ya usiku, mayai yanayochungulia juu ya maji yanagandishwa yanakufa, mengine hayakurutubishwa tu. Baadaye utaona yameota fangasi kama pamba. Ya chini yaliyozama mara nyingi yanakuwa salama, kwahiyo usitupe bonge zima kwa sababu ya hayo machache.

kijana_wa_mtaa:
kwahiyo wewe ukalala ukaamka una wapangaji mia na hawalipi kodi 😂

Dada_Majani:
Hahaha wapangaji wanalipa bwana, konokono wasio na gamba wanaliwa wote na chura.

Sasa Mchimba_Udongo, kuhusu jirani mimi nasema USIMPE, na najua watu wengi watanipinga maana zamani kila mtu alikuwa anabeba mayai kwenye ndoo anagawa. Tatizo ni magonjwa. Kuna virusi vinaitwa ranavirusi, vimeua vyura wengi sana kwenye mabwawa ya bustani huko Uingereza, chura anatoka vidonda vyekundu kwenye ngozi, mwingine anavuja damu kwa ndani tu huoni kitu kwa nje. Na kuna ile kuvu ya ngozi ambayo wanasayansi waliipa jina mwaka 1999, hiyo ndio imefuta kabisa aina kadhaa za vyura duniani. Maji, matope, mimea ya majini, mayai, vyote vinaweza kubeba hivyo vitu kutoka bwawa hadi bwawa, na kwa macho maji yanaonekana masafi tu. Mwambie jirani atulie, kama bwawa lake lina upande wa kina kidogo na mimea, vyura watalipata wenyewe, pengine mwaka huu pengine miwili mbele. Wanatembea mbali usiku wa mvua kuliko tunavyodhani.

Mtazamaji77:
Sikubaliani na dada hapo juu moja kwa moja, kama majirani wamepakana uzio kwa uzio hao vyura si wanaingiliana tu kila siku? Ugonjwa kama upo utakuwa umeshavuka. Mbali kweli usibebe, ila hapo kwa hapo sioni kesi.

Dada_Majani:
Point yako naielewa, lakini kama wanaingiliana basi ndoo ya nini? Si watavuka wenyewe. Ndoo inabeba na vingine ambavyo havina miguu, mfano yale magugu ya majini yakiingia kwenye bwawa jipya utayang'oa mpaka uzeeke.

Mtazamaji77:
Haya hapo umenipata.

Mchimba_Udongo:
Nashukuru sana wakuu, jirani nitamwelewesha. Swali lingine, leo nimekuta chura mmoja amekufa anaelea, tumbo juu, jike nadhani maana ni mnene. Je ndio huo ugonjwa??

Babu_Kinamasi:
Msimu huu sio lazima. Madume wanakuwa wengi kuliko majike, wanamvamia jike mmoja watatu wanne kwa pamoja anaishiwa pumzi anazama, inatokea kila mwaka na haina dawa. Wangekuwa wamekufa wengi kwa mara moja baada ya barafu kuyeyuka ningesema ni oksijeni. Baadhi ya vyura, hasa madume, wanalala chini kwenye tope la bwawa baridi yote wakivuta oksijeni ya majini kwa ngozi, sasa majani yaliyodondoka yakiozea humo na juu kumefungwa na barafu, hewa inaisha. Kwa hilo tiba ni kuchota majani kabla ya baridi, sio kugonga barafu kwa nyundo. Mmoja huyo mtoe kwa koleo umzike, angalia tu wengine wakianza kufa kipindi cha joto na wana vidonda, hapo ndio uwe na wasiwasi.

Umeuliza maji, jaza ya mvua. Weka pipa chini ya bomba la paa. Ya bomba yana klorini na pia yana virutubisho vinavyofanya mwani uchachamae bwawa zima liwe kijani. Chakula usiwape, wakubwa wakiwa kwenye kutaga hata hawahangaiki kula, na viluwiluwi wakitoka siku za mwanzo wananing'inia kwenye ule ute ule ule wanaula, wakimaliza wanakwangua mwani kwenye mawe. Wakikua kidogo wanageuka walaji nyama, mwenzao akifa wanamla, usishtuke.

Fundi_Pampu:
Kama una pampu funga sponji kwenye mdomo wake wa kunyonya la sivyo viluwiluwi wote wanaishia kwenye filta. Na samaki usiweke, watu wanaweka samaki wa dhahabu halafu wanauliza mbona viluwiluwi wameisha.

kijana_wa_mtaa:
sasa na mimi swali serious, wangu wametaga mayai ya kamba kamba marefu sio mabonge, yamezungushwa kwenye majani ya chini, ni chura gani huyo

Dada_Majani:
Hao ni wale wa ngozi ya chunusi chunusi, wakavu, wanaotembea badala ya kuruka. Wao wanataga uzi wenye safu mbili za mayai. Wanapenda mabwawa yenye kina na wanachelewa kuanza kuliko wenzao. Tena viluwiluwi wao wana ladha mbaya, samaki wengi wanawatema, ndio maana wao wanaweza kukaa na samaki. Ukiona yai moja moja limefungiwa ndani ya jani lililokunjwa, hiyo ni salamanda, na jua kabisa watoto wa vyura wataliwa nao.

Mchimba_Udongo:
Hii elimu sijawahi kuipata popote aisee. Kwahiyo mpaka wawe vyura kamili ni muda gani? Na hawa waliotaga walijuaje kurudi hapa hapa?

Babu_Kinamasi:
Mayai yanaanguliwa wiki mbili hadi nne kutegemea baridi. Kutoka hapo hesabu kama miezi mitatu, maji yakiwa ya baridi wanachelewa zaidi. Miguu ya nyuma inaanza, ya mbele inafuata, mkia haudondoki kama watu wanavyodhani, mwili unaunyonya unautumia kama chakula maana kipindi hicho mdomo unabadilika, hawezi kula kabisa. Kurudi kwao, harufu ya maji ina sehemu kubwa, wengi wanatafuta walipozaliwa, ila wapo wanaojaribu mabwawa mapya, la sivyo na wewe usingepata hata mmoja. Hao wa mwaka huu wakipona kunguru, korongo na mabuu ya kereng'ende, utawaona wametaga baada ya miaka miwili mitatu.

Cha muhimu kwako sasa hivi: pembeni ya bwawa weka jiwe au ubao wenye mteremko, chura mdogo akishaota miguu hana tena mashavu ya kupumulia majini, akikosa pa kupandia anazama. Na nyasi za ukingoni ziache ndefu. Wanatoka kwa mkupuo siku ya mvua, wadogo kama ukucha, kwahiyo wiki hizo mashine ya kukatia majani iache stoo.

Mchimba_Udongo:
Ubao ninao, naenda kuuweka leo leo. Jirani nimeshamwambia, amenuna kidogo ila anachimba upande wa kina kidogo sasa hivi 😄