Tupeane uzoefu: kipindupindu kilipoingia mtaani kwenu, mlifanyaje?

Mkazi wa Bondeni: Wakuu, salaam. Masika ndiyo haya na mitaro huku kwetu Dar imeshaanza kufurika. Wengi mnaukumbuka mlipuko ulioanzia Kinondoni Agosti 2015, hadi sherehe za Uhuru za Desemba mwaka ule zikafutwa, tukaambiwa tushike mafagio. Aliyeugua au kuuguza atueleze.

Nianze mimi. Uani tulikuwa na kisima kifupi, na choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Mvua ikinyesha usiku watu wanatapisha vyoo, uchafu wote unashuka kisimani. Asubuhi unachota maji maangavu, hayanuki hata kidogo. Mdogo wangu alianza kuharisha alfajiri. Kufika adhuhuri anatoa majimaji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Homa hana, tumbo halimsokoti, ndiyo maana watu wanapuuza! Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu walimtundikia dripu mikono yote miwili. Jioni akaomba uji.

Binti Pemba: Pole kaka, mshukuru Mungu. Sisi shehia yetu ilipata chanjo ya kunywa mwaka 2009, dozi mbili. Kabla ya hapo tulimzika shangazi. Maiti alishughulikiwa na watu wa afya kwa klorini, na chakula cha msiba hakikupikwa. Bibi aliumia sana kwa hilo, lakini kwenye msiba ule hakuongezeka mgonjwa.

Mvuvi wa Ziwani: Mimi niliyaona ya Kagunga, kijiji cha Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa ufukweni, vyoo hakuna, na maji ya kunywa ni ya ziwa hapo hapo wanapojisaidia. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, wengine wanapandishwa hawawezi hata kusimama.

Nesi Mstaafu: Wanangu, msimsubirishe mgonjwa hadi gari lipatikane ndipo anywe. Kama hamna pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), chukueni lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpeni kidogo kidogo. Akitapika, subirini dakika 10, mwendelee, hata njiani. Anayenyonya aendelee kunyonya. Vidonge vya kufunga tumbo msimpe.

Mama wa Madumu: Shikamoo mama. Sisi wa maji ya boza, mkaa wa kuchemshia kila siku hatuna.

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu. Tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, acha nusu saa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Halafu tafuta ndoo yenye koki na mfuniko. Maji yaliyotiwa dawa yanachafuka tena mtu akitumbukiza kikombe na vidole vyake.